Siku saba katika pabu za London

Jumatatu: Borough

Safari inaanzia stesheni ya London Bridge, ng'ambo ya kusini ya mto Thames. Ukishatoka na kuingia Borough High Street, shuka kuelekea kusini ukitazama mkono wa kushoto. Nenda polepole, kwa sababu George Inn, pabu (yaani baa ya Kiingereza) iliyokuwa pia nyumba ya kulaza wasafiri, haionekani kutoka barabarani. Imekaa ndani ya ua, na lango lake ni rahisi kulipita bila kulijua. Ukiingia utaona jengo refu la ghorofa, lenye roshani za mbao zinazotazama uani. Nyumba za namna hii zilikuwa nyingi London. Sasa imebaki hii moja, tena ni kipande tu cha ile ya zamani.

Ua ndio ufunguo wa kuielewa. Kwa karne nyingi daraja la London lilikuwa pekee katikati ya jiji, na msafiri aliyechelewa alilikuta lango limefungwa. Magari ya farasi yaliyotoka kusini yaliishia hapa Borough: farasi zizini, mizigo uani, abiria juu kwenye vyumba vya roshani, na chini watu wakinywa. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark, yaani eneo hili la kusini ya mto, mwaka 1676, na George ikajengwa upya mwaka uliofuata. Halafu reli ikaja na kuua biashara ya magari ya farasi. Kampuni ya reli iliyoinunua ikabomoa pande nyingine za ua mwaka 1889 ili kupata nafasi ya mabohari. Mwaka 1937 upande uliosalia ulikabidhiwa kwa National Trust, taasisi ya kuhifadhi urithi, ambayo bado inaumiliki na kuupangisha.

Ingia ndani, uanze na chumba cha kwanza kutoka langoni. Sakafu imepinda na dari iko chini. Hapo ndipo pa kujifunzia adabu za pabu, maana mgeni wa Afrika Mashariki huja na mazoea ya baa: unakaa, mhudumu anakuja, unaagiza, unalipa mwisho. Pabu haiendi hivyo. Ukikaa ukamsubiri mhudumu utasubiri hadi usiku. Kwanza tafuta meza na uache mwenzako hapo, kisha nenda mwenyewe kaunta. Foleni huioni kwa macho, lakini ipo: kila aliyesimama pale anajua nani alimtangulia, na mhudumu pia anajua. Simama mbele ya kaunta, kadi mkononi, umtazame mhudumu. Usipige mluzi, usigonge kaunta, usipunge noti. Akikugeukia kabla ya aliyekutangulia, mwoneshe huyo mwingine. Ukifanya hivyo mara moja, zamu yako inayofuata haitapotea. Unalipa papo hapo. Bakshishi haidaiwi. Ukitaka kumshukuru mhudumu, mwambie achukue na chake, naye ataongeza bei ya kinywaji kimoja kwenye hesabu yako. Ukiagiza chakula utaulizwa namba ya meza, kwa hiyo isome kabla ya kuondoka mezani.

Kipimo ni painti, yaani mililita 568. Kuna nusu yake, kuna theluthi, na kuna theluthi mbili. Tazama glasi karibu na ukingo utaona alama ya taji au herufi CE, ambayo ni muhuri wa kwamba ujazo umethibitishwa. Katikati ya London painti moja ya bia mara nyingi huvuka pauni 6. Mwenye sura ya kijana ataombwa kitambulisho hata kama ana miaka 24. Umri wa kununua kileo ni 18, lakini pabu nyingi humwomba kila anayeonekana hajafika 25. Beba pasipoti yenyewe, picha yake kwenye simu hukataliwa.

Asiyekunywa pombe hana sababu ya kukaa mbali na safari hii. Soda ya maji na ndimu huuzwa kila pabu, tena kwa bei ndogo, na bia zisizo na kileo sasa zipo karibu kila mahali, ingawa nyingi zina hadi asilimia 0.5, kwa hiyo asiyegusa kabisa asome kibandiko. Chai na kahawa zipo pabu nyingi mchana. Hakuna anayetazama glasi ya jirani. Kwa chakula, uliza kuhusu nguruwe: vile vipande vikavu vya chumvi vinavyouzwa kwenye pakiti kaunta ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa.

Jumanne: chini ya sakafu

Leo hatuendi mbali. Royal Oak ya Tabard Street iko mwendo mfupi kutoka George, na ni pabu ya kampuni ya bia ya Harveys, inayopika bia yake mji wa Lewes, katika Sussex. Pabu ya namna hii huitwa nyumba iliyofungwa kwa kiwanda kimoja: mwenye kiwanda ndiye mwenye jengo, na anayeiendesha hununua bia kwake. Kwa mnywaji kuna hasara ya kukosa aina nyingi. Faida yake ni kwamba bia hiyo wanaifahamu kama mama anavyoufahamu uji wa mwanawe.

Hapa ndipo tusimame tuzungumze kuhusu bia ya pipa, kwa kuwa roho ya pabu ya Kiingereza imo katika chumba kilicho chini ya sakafu. Bia ya kegi huchujwa kiwandani, huuawa hamira yake, na husukumwa kwa gesi hadi kwenye bomba. Kazi imekwisha kabla haijafika. Bia ya pipa hufika ikiwa hai. Hamira bado imo, uchachu unaendelea, na anayeumalizia ni mtu wa stoo wa pabu. Kwa hiyo pipa moja lililotoka kiwanda kimoja siku moja linaweza kuwa tamu pabu hii na la kumwagwa pabu ya jirani. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vikubwa vilikaribia kuliondoa pipa kabisa, kwa sababu kegi haihitaji fundi. Chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA kilianzishwa mwaka 1971 kulipigania, na bila wao simulizi hii ingekuwa ya makumbusho.

Pipa la kawaida huitwa fakini. Lina galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Nusu yake huitwa pini, mara mbili yake kilidakini. Lina matundu mawili: moja tumboni, lililozibwa kwa kizibo kipana cha mbao au plastiki, na jingine dogo usoni karibu na ukingo, ambapo koki itapigiliwa. Hulazwa kwenye kichanja kwa ubavu, kizibo cha tumboni kikitazama juu na tundu la koki likiwa chini kabisa, kisha hukazwa kwa kabari tatu ili lisicheze. Stoo inakaa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Wageni husema Waingereza wanakunywa bia ya moto. Hapana. Ni baridi ya maji ya mtungi, na ladha ya kimea na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, inafunguka katika baridi hiyo. Ukiigandisha, ulimi unakufa ganzi.

Likishalala na kutulia, hata siku nzima, pipa hupumuliwa. Katikati ya kizibo cha tumboni pana sehemu nyembamba. Mtu wa stoo huitoboa kwa kupigilia kijiti laini cha mwanzi au mti wenye vinyweleo, na gesi hutoka kupitia nyuzi za kijiti hicho. Povu huchomoza, analifuta, linachomoza tena. Ukikaa karibu unasikia mlio mdogo kama wa sufuria ya maharage kwenye jiko la makaa. Kijiti kikiziba kwa hamira, anabadilisha. Povu linapochelewa kurudi baada ya kufutwa, ujue uchachu umepungua, na hapo kijiti laini hutolewa, kikawekwa kigumu kisichopitisha hewa, ili gesi iliyobaki isipotee.

Wakati huo dawa ya kung'arisha inafanya kazi yake. Dawa ya jadi inatokana na bondo la samaki, kile kifuko cha hewa ambacho wavuvi wa Mwanza wanakijua vizuri kwa bei yake. Likisafishwa na kuyeyushwa linakuwa ute, na ule ute huikamata hamira na kuishusha chini kama wavu. Bia iliyokuwa na ukungu inang'aa. Mla mboga tu aulize kabla ya kuagiza. Viwanda kadhaa vimeacha bondo, na bia yao hutoka na ukungu wa makusudi.

Siku moja kabla ya kuuza, koki hupigiliwa. Iwe safi, na iwe imefungwa. Koki iliyosahauliwa wazi imemwaga mapipa mengi sakafuni. Pigo liwe moja zito la nyundo ya mbao. Mwoga anayegonga mara nne hutikisa mashapo yote, na itabidi asubiri upya. Kisha bia inaonjwa, inatazamwa kwenye glasi, na kama ni safi inaunganishwa na mpira unaopanda hadi pampu ya kaunta.

Ule mpini mrefu unaouona kaunta hausukumi gesi yoyote. Ni pampu ya maji tu: mhudumu akiuvuta, anavuta bia kutoka chini kwa nguvu za mkono wake. Silinda ya kawaida hubeba nusu painti, kwa hiyo mivuto miwili mirefu na kidogo cha kujazia. Wakati wa kuuza, kijiti kigumu lazima kitolewe ili hewa iingie mahali pa bia iliyotoka. Kisipotolewa, mpini unakuwa mzito na bia inakataa kupanda. Na hewa hiyohiyo ndiyo inayoanza kuliharibu pipa. Tangu koki ifunguliwe, fakini ina siku tatu hivi. Baadaye gesi inaisha, bia inalala, kisha inachacha na kunuka siki. Pipa likipungua kama theluthi au nusu, huinuliwa nyuma polepole, sentimita chache, lingali linatoka bia. Likiinuliwa kwa ghafla likiwa karibu tupu, mashapo yanakimbilia kwenye koki.

Fanya hesabu mwenyewe: painti 72, siku 3, ni painti 24 kwa siku kwa kila mpini. Pabu yenye mipini minane na wateja kumi haiwezi kuwa na bia nzuri, hata mwenyewe awe fundi wa namna gani. Simama dakika mbili utazame mpini upi unavutwa zaidi, na uagize huo. Unaweza kuomba kuonja kidogo kabla, haina aibu. Kibao cha jina kikiwa kimegeuzwa nyuma, pipa hilo limekwisha. Na painti ikiwa na harufu ya siki au ukungu usiotarajiwa, irudishe baada ya funda la kwanza, kwa sauti ya chini, utapewa nyingine. Ukirudisha glasi iliyobaki robo, huna kesi.

Mpira wa bia husafishwa kila wiki kwa dawa na kusuuzwa kwa maji. Asubuhi bia iliyolala ndani ya mpira humwagwa. Pabu inayobana matumizi huiuzia mteja wa kwanza wa siku, na ndiyo maana wazoefu wengi hawaagizi painti ya kwanza kabisa mahali wasipopajua.

Jumatano: kuta na vioo

Mwendo wa leo ni wa miguu kutoka Blackfriars hadi Bloomsbury. Tumeuweka Jumatano kwa sababu pabu kadhaa za City, mtaa wa mabenki, hufunga au hufungua saa chache wikendi, wafanyakazi wakiwa kwao.

Mbele ya stesheni ya Blackfriars pana jengo jembamba lenye umbo la kabari, na mtawa mnene amesimama juu ya mlango. Ni The Black Friar. Mahali hapa palikuwa na nyumba ya watawa wa Kidominiko, na mwaka 1905 msanifu H. Fuller Clark pamoja na mchongaji Henry Poole walianza kuipamba pabu hii kwa marumaru, vigae vya rangi na michoro ya shaba ya watawa wakivua samaki, wakiimba, wakichuma zabibu. Miaka ya 1960 ilikuwa ibomolewe. Mshairi John Betjeman akaongoza kelele za kuitetea, ikapona. Pita hadi chumba cha ndani chenye dari ya tao, na uende kabla ya saa sita na nusu, maana baada ya hapo huoni ukuta kwa watu.

Panda hadi Ludgate Circus, ingia Fleet Street, na upande wa kulia utafute kichochoro chembamba. Ye Olde Cheshire Cheese ilijengwa upya mwaka 1667, mwaka mmoja baada ya Moto Mkuu wa London, na pembeni ya mlango kuna orodha ya wafalme na malkia waliotawala tangu hapo. Ndani ni giza la mbao, moto wa makaa wakati wa baridi, ngazi za kuinamisha kichwa. Vyumba vya chini kabisa ni vya matao ya mawe. Mwenye mali ni Samuel Smith, kiwanda cha Tadcaster huko Yorkshire, ambacho hakiruhusu muziki wala televisheni katika pabu zake, na simu haipendwi kabisa. Ukikaa humo ndipo unagundua sauti halisi ya pabu: mazungumzo ya watu wengi yakivuma pamoja, kama mzinga.

Kwa mwenye siku moja tu London, sisi tungempeleka Princess Louise ya High Holborn. Jengo ni la 1872, mapambo ya ndani ya 1891, na kaunta imezungukwa na vijumba vidogo vilivyotengwa kwa mbao na vioo vilivyochorwa. Vizuizi hivyo vilirudishwa mwaka 2007 na 2008 kwa kufuata mpango wa awali, na ndivyo vinavyofundisha historia. Pabu ya zama za Victoria ilikuwa jamii nzima chini ya paa moja, ila kila tabaka na mlango wake. Fundi na mbeba mizigo waliingia chumba cha sakafu tupu. Karani na mwenye duka waliingia chumba chenye zulia, wakalipa zaidi kwa bia ileile. Mtoto alitumwa na jagi dirishani apelekee wa nyumbani. Kijumba kidogo kilichofichika kilikuwa cha wanawake, wazee, na wasiotaka kuonekana. Mbao hizo ziling'olewa karibu kila mahali katika karne ya 20, kwanza kwa sababu mahakimu wa leseni walitaka mwenye pabu aone kila pembe, baadaye kwa sababu watu walichoka kutengwa. Kuvunjwa kwake kulikuwa haki. Lakini chumba kimoja kikubwa chenye kelele kimepoteza kitu ambacho kijumba cha watu wanne kilikuwa nacho, na ukikaa humo nusu saa utakubali.

Zoezi la jioni liko The Lamb, Lamb's Conduit Street. Juu ya kaunta, usawa wa uso, kuna safu ya vidirisha vidogo vya kioo kilichochorwa, kila kimoja kikizunguka kwenye pini yake. Kigeuze kwa kidole. Kikifungwa, mhudumu anaona mkono na glasi yako tu. Wakubwa wa zamani walitaka kunywa bila kutazamwa na aliyewahudumia, na fundi seremala akawatengenezea kifaa cha aibu hiyo. Wanawake walisubiri zaidi: kesi ya baa moja ya mvinyo ya Fleet Street iliyokataa kuwahudumia wakiwa wamesimama kaunta ilifika Mahakama ya Rufani, na walishinda mwaka 1982 tu.

Alhamisi: mtoni

Kabla ya kutoka, tazama jedwali la maji kujaa na kupwa la mto Thames. Mtu wa pwani hatahitaji kuelezwa: wakati wa bamvua maji hapa hupanda hadi mita 7 hivi, na ngazi za mawe za Wapping, mtaa wa kando ya mto tunaokwenda leo, zinaota utelezi wa kijani. Fika maji yakiwa yanapwa, vaa kiatu kinachoshika, usishuke peke yako. Kuokota vitu vya kale ufukweni bila kibali cha mamlaka ya bandari ni kosa.

Town of Ramsgate ni pabu nyembamba kama kichochoro, na ubavuni mwake ziko ngazi za Wapping Old Stairs. Mabaharia waliteremkia hapa wakiwa na mshahara wa safari nzima mfukoni, na pabu ndizo zilizowatafutia chumba, kazi ya meli inayofuata, na deni. Kando ya mto huu, mahali palipoitwa Execution Dock, maharamia walinyongwa. Mmoja wao, Kapteni William Kidd, aliyenyongwa Mei 1701 baada ya kamba ya kwanza kukatika, anatuhusu: mwaka 1697 meli yake ilikuwa visiwani Komoro, na huko Mwali, Moheli ya ramani, maradhi yalimuulia mabaharia wengi. Sasa jina lake limebandikwa kwenye pabu ya mtaa huuhuu.

Mwendo wa robo saa kufuata Wapping High Street hadi Wapping Wall unakufikisha Prospect of Whitby, inayojihesabia umri kuanzia 1520. Kinachostahili kuguswa ni kaunta yenye uso wa bati zito la pyuta, madini laini yanayoingia mikwaruzo ya kila glasi, na sakafu ya mabamba ya mawe. Kitanzi kinachoning'inia juu ya maji nyuma ya pabu kimewekwa kwa wageni. Kipige picha kama unataka, kisha ukae roshani utazame mto.

Kurudi, panda treni Wapping, uvuke chini ya Thames katika handaki la mhandisi Marc Brunel lililofunguliwa mwaka 1843, ushuke Rotherhithe. Pabu ya Mayflower iko hatua chache, inapigwa na mawimbi ya kila boti inayopita. Jina hilo ilipewa mwaka 1957, kwa heshima ya meli iliyoondoka upande huu 1620 kupeleka walowezi Amerika. Nahodha wake amezikwa kanisa la ng'ambo ya barabara.

Ijumaa: Kilburn

Treni ya chini ya ardhi ya njia ya Bakerloo, stesheni ya Kilburn Park, kisha dakika chache kwa miguu hadi Carlton Vale. Carlton Tavern si nzuri kuliko za Jumatano. Ni pabu ya mtaa, ya matofali na vigae, iliyojengwa 1920 na 1921 baada ya iliyotangulia kupigwa bomu la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tumeiweka safarini kwa kilichoipata.

Mwaka 2015 wataalamu wa urithi walikuwa wanakaribia kuiorodhesha kama jengo la kulindwa. Mwenye mali akawaambia wafanyakazi pabu itafungwa kwa ajili ya kuhesabu mali, na Aprili hiyo tingatinga likaibomoa bila kibali, vyombo na picha zikiwa bado ndani. Lakini wakazi walikuwa wameshatilia shaka, na kumbukumbu za kina zilikuwa zimechukuliwa: picha, vipimo, na plasta ya nakala ya vigae. Halmashauri ya Westminster ikaamuru ijengwe upya tofali kwa tofali, rufaa ikashindwa, na Aprili 2021 milango ikafunguliwa tena. Sogea karibu na ukuta utazame vigae. Vingine ni vya zamani, vimeokotwa kwenye kifusi. Ni mara chache sana mbomoaji ameamriwa kurudisha kila kitu, na iliwezekana kwa sababu mtu fulani alipiga picha mapema. Anayependa jengo la zamani, Mombasa, Bagamoyo au popote, achukue funzo hilo la kazi: pima na piga picha likiwa bado limesimama.

Ijumaa jioni ni wakati wa raundi. Mtanzania anajua ofa: nimepata, nakunywesha, huna deni. Raundi ni kitu kingine kabisa. Ni mkopo unaozunguka. Wa kwanza ananunulia wote, glasi zikikaribia kuisha wa pili anainuka, hadi wote wazunguke. Anayeondoka kabla ya zamu yake hukumbukwa mwaka mzima. Asiyekunywa kileo naye ananunua, na soda yake hainunui heshima pungufu. Kikundi kikizidi watu watano, gawanyikeni katika mizunguko miwili, la sivyo wa mwisho kununua atakuta wenzake wameshashindwa kunywa. Glasi tupu zirudishe kaunta unapoenda kuagiza. Na usishangae kuona watu wamejaa barabarani: tangu tarehe 1 Julai 2007 hakuna kuvuta sigara ndani ya pabu za England, na wengine wanasimama nje kwa kupenda tu, hata mvua ikinyesha.

Jumamosi: Nunhead

Treni kutoka Victoria hadi Nunhead, kisha mwendo wa miguu hadi Stuart Road. Ivy House ilikuwa inauzwa ili igeuzwe kuwa nyumba za kuishi. Sheria ya mwaka 2011 inayoruhusu wananchi kuorodhesha jengo kama mali ya jamii ilikuwa mpya, na pabu hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa. Kuorodheshwa hakukumlazimisha mwenye mali kuwauzia wananchi. Kuliwapa miezi sita ya kutafuta fedha. Wakazi wakauza hisa, wakapata mikopo, wakanunua, na tangu 2013 ni ushirika. Ndani kuna ukumbi wa jukwaa wenye mbao nyeusi za miaka ya 1930. Tazama ubao wa matangazo kabla ya kuagiza, ndio unaoeleza pabu inaishi kwa nini: muziki, watoto, wazee, masomo ya jioni. Bia inalipa bili ya umeme.

Jumapili: Hammersmith

Shuka Hammersmith, fuata mto kuelekea magharibi hadi Upper Mall. The Dove ina chumba cha kaunta kidogo kuliko bafu nyingi, kama mita 1.3 kwa 2.4, upande wa kulia ukiingia. Watu wanne wakisimama humo, wa tano anasubiri.

Chakula cha Jumapili kiagizwe siku kadhaa kabla. Huanza saa sita mchana na hudumu hadi nyama iishe, na ya ng'ombe huisha kwanza, mara nyingi kabla ya saa kumi. Sahani ina vipande vya nyama ya kuokwa, viazi vilivyookwa kwenye mafuta moto hadi vikauke ganda, mboga, rojo la kahawia, na kile kikombe kilichovimba cha unga, mayai na maziwa ambacho Waingereza wanakiita pudini ya Yorkshire ingawa hakina sukari. Kikiletwa kimenywea, jikoni walifungua oveni mapema. Uliza viazi vimeokwa kwa mafuta gani kama hilo ni suala kwako.

Saa za pabu zilibanwa tangu Vita vya Kwanza, serikali ikitaka wafanyakazi wa viwanda vya silaha wawe macho. Kufunga mchana, hatua ya dharura, kulidumu hadi 1988, na kwa Jumapili hadi 1995. Sheria ya sasa, iliyoanza Novemba 2005, inaiachia kila pabu iombe saa zake, lakini Jumapili nyingi bado hufunga mapema. Kengele hupigwa kwanza kuashiria oda za mwisho, na huo si wakati wa kuanza kufikiria unachotaka. Ikipigwa mara ya pili hakuna kinachouzwa tena, una dakika 20 hivi za kumalizia ulichonacho. Viti vinapandishwa juu ya meza, taa kubwa inawashwa, mbwa wa mteja wa mwisho anaamshwa. Mlango ukishafungwa, mtu wa stoo anashuka ngazi, anafunga koki, na kwenye tumbo la kila pipa anakirudisha kijiti kigumu.